Mstari Uliopanda Kupita Kiasi

Mstari ulianza kupanda kabla sijaiweka pipeti chini. Nilikuwa nimetia kimeng'enya kwenye kuveti, kichupa kinachopitisha mwanga, nikachanganya kwa kuvuta na kusukuma mara mbili, nikafunga kifuniko cha mashine ya kupima mwanga, na nilipogeuka kutazama skrini mwanga ulikuwa umeshavuka maradufu ya pale ulipoanzia. Ukaendelea. Baada ya dakika kumi ulikuwa mara 3.4. Miezi minne nilikuwa natafuta dalili yoyote ya kimeng'enya changu kujishika kwenye utando wa lipidi, yaani mafuta, na miezi yote hiyo niliambulia kelele za mashine tu. Siku hiyo nikajiona kama aliyeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia msimamizi wangu, na chini yake nikaandika neno moja: "Kimeshika!"

Wanaoutumia msemo huo wanajua kwamba dodo la namna hiyo sharti uliulize limefikaje hapo. Mimi sikuliuliza kwa siku tisa.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa fosfolipasi A2, na hiki changu kilikuwa kile cha kongosho la nguruwe. Ni kidogo, daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) kama 14,000, na kazi yake ni kukata mnyororo mmoja wa asidi ya mafuta kutoka kwenye fosfolipidi, aina ya lipidi inayojenga utando wa seli. Ndugu zake wamo kwenye sumu ya nyuki na ya nyoka. Kinachonivutia kwake ni kwamba chakula chake hakielei majini molekuli mojamoja kama sukari. Kimejipanga kwenye utando. Kwa hiyo kabla ya kukata lazima kwanza kitue. Kutua ni jambo moja na kukata ni jingine, na wengi wetu huanza kwa kuyachanganya. Swali langu lilikuwa la kutua tu: kati ya vimeng'enya vyote vilivyomo majini, vingapi vimekaa juu ya utando na vingapi bado vinaelea?

Mwanga unaingia hivi. Utando tunaoupima si wa seli halisi. Tunajitengenezea vifuko vidogo vya lipidi vinavyoelea majini, vesikeli, vya jamii ile ambayo Alec Bangham na wenzake waliitambua miaka ya 1960. Kifuko chenye kipenyo cha nanomita 100 kimebeba molekuli za lipidi kama 80,000 katika tabaka zake mbili, na uzito wake wote unakaribia daltoni milioni 61. Ukipitisha mwanga kwenye maji yenye vifuko hivyo, sehemu yake hutawanyika pembeni. Tangu 1871 Lord Rayleigh alionyesha kwamba chembe ndogo sana hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu, ndiyo maana anga ni ya buluu. Katika fizikia hiyohiyo mna jambo linalotufaa sisi zaidi: mwanga unaotawanywa na chembe moja hukua kwa mraba wa uzito wake. Kifuko kikibeba abiria wakakiongezea uzito asilimia 10, mwanga wake unaongezeka asilimia 21.

Mwaka 1977 Nelsestuen na Lim waliitumia njia hii kuchunguza jinsi protini za kugandisha damu zinavyoshika utando wa fosfolipidi, na uzuri wake ni kwamba haisumbui kitu. Huna haja ya kuipaka protini rangi, wala kutenganisha iliyoshika na isiyoshika. Unasoma mwanga kabla, unasoma mwanga baada, unagawanya, unatafuta kipeuo cha pili, unatoa moja. Kilichobaki ni uzito ulioongezeka kwa kila kifuko, kama sehemu ya uzito wake wa mwanzo.

Mradi idadi ya vifuko ibaki ileile. Sharti hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi hadi sikuwa nikiliona tena.

Kuvitengeneza vifuko ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda tangu mwanzo, na bado naipenda. Unayeyusha lipidi kwenye klorofomu, unaikausha kwa gesi ya nitrojeni huku chupa ikizunguka mkononi, mpaka chini ibaki ngozi nyembamba ambayo huioni vizuri ila ukiielekeza kwenye taa. Unaiacha usiku kucha kwenye ombwe ili mabaki ya klorofomu yatoke. Asubuhi unatia bafa, maji yenye kemikali za kutuliza kiwango cha asidi, unatikisa, na ile ngozi inabanduka vipande vipande mpaka maji yote yawe meupe kama maziwa. Vifuko vipo sasa, lakini ni vya kila ukubwa, vingine vimo ndani ya vingine kama maganda ya kitunguu. Unagandisha, unayeyusha, mara tano. Halafu kuna kile kifaa kidogo chenye mabomba mawili ya sindano yanayotazamana, na katikati yake chujio la plastiki lenye matundu ya nanomita 100. Unasukuma kutoka kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, mara 11. Idadi lazima iwe witiri, ili uishie kwenye bomba la upande wa pili, ambalo halikupokea yale makubwa ya mwanzo yaliyokwama. Mara mbili za kwanza kidole gumba kinauma. Kufikia ya tano bomba linateleza na yale maziwa yameanza kuwa maji. Mwishoni unaliinua bomba mbele ya kitambaa cheusi, na ndani unaona ubuluu hafifu, kama moshi. Ukilitazama kwa kulielekeza kwenye taa, taa inageuka rangi ya machungwa kidogo. Huo ndio mtawanyiko wenyewe, kabla hujawasha mashine yoyote.

Miezi minne ya mwanzo iliishia kwenye mambo ambayo leo nayasimulia nikicheka. Wiki ya kwanza nilipata mstari uliopanda kisha ukanyooka, laini kama meza. Nikadhani vifuko vimejaa. Kumbe kilichojaa ni kigunduzi: nilikuwa nimeuacha mwanya wa mwanga wazi mno, fotoni zikawa nyingi kuliko kinavyoweza kuhesabu, nacho kikagota kwenye kikomo chake. Mstari wa vifuko vilivyojaa kweli bado hutetemeka kidogo. Ule wangu haukutetemeka hata chembe. Wiki nyingine nikatumia bafa ya fosfeti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, nikatia kalsiamu, na ndani ya kuveti ikanyesha theluji ya fosfeti ya kalsiamu. Hilo halihitaji maelezo.

Vumbi ndilo lililonila muda mrefu. Kwa chembe ndogo, mwanga hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha sita, maana yake chembe yenye kipenyo kikubwa mara kumi hutawanya mwanga mara milioni moja. (Kwa chembe kubwa sana kanuni hiyo hulegea, ila anayehangaika na vumbi hapati faraja yoyote kwa kujua hivyo.) Punje moja ikipita mbele ya mwanga, mstari unaruka, unatua, unaruka tena. Fundi wa maabara yetu, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee, alinikuta nikiifuta kuveti kwa karatasi laini, kwa bidii ya mtu aliyekata tamaa.

"Unaitia vumbi, mwanangu."

"Naifuta, Mzee."

"Ndiyo nasema. Karatasi inaacha nyuzi." Akainyang'anya, akaisuuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa, akaikausha kwa nitrojeni huku kaielekeza mdomo chini. "Bafa umeichuja?"

"Nimeichuja jana."

"Jana!" Akanirudishia kuveti, akaenda zake.

Tangu hapo bafa naichuja asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa chujio la matundu ya mikromita 0.2. Kimeng'enya nacho nakizungusha kwenye sentrifyuji, nikatumia cha juu tu, maana protini iliyokaa muda mrefu haikosi vibonge vyake. Na bafa iliyotoka kwenye friji naisubiri ipate joto la chumba, kwa sababu ikipatia joto ndani ya kuveti hutoa vipovu ukutani, na kipovu kimoja kinatosha kukuharibia mchana.

Kwa hiyo ukiona nilivyoufurahia ule mstari wa 3.4, usinilaumu sana. Haukuwa na mruko hata mmoja wa vumbi. Kigunduzi hakikuwa kimelemewa. Bafa ilikuwa ya Tris, si ya fosfeti. Nilidhani makosa yote nimeshayamaliza.

Msimamizi wangu, daktari wa maneno machache, alijibu usiku uleule: "Hongera. Vimeng'enya vingapi kwa kifuko?"

"Nitaipiga hesabu, Daktari."

Sikuipiga. Nilirudia jaribio mara tano, nikapata kati ya 3.1 na 3.6, nikajiridhisha kwamba kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kuwa cha uongo. Nikachora grafu, nikaipamba, nikachagua rangi. Siku ya tisa, nikiandaa slaidi za kikao cha kikundi, nikafika kwenye slaidi iliyotaka namba ile aliyoiuliza Daktari, nikachukua karatasi.

Lipidi kwenye kuveti ni mikromola 50 kwa lita. Gawanya kwa 80,000: vifuko ni nanomola 0.6 hivi. Kimeng'enya ni mikromola 0.5. Kwa hiyo hata vimeng'enya vyote vilivyomo vingeshika bila kubaki kimoja, kila kifuko kingepata 800. Hao ndio abiria wote waliopo kituoni. Mara daltoni 14,000, unapata milioni 11.2, ambayo juu ya kifuko cha milioni 61 ni nyongeza ya asilimia 18 na ushei. Mraba wake unaleta 1.4. Nikaiandika hiyo 1.4 na kuitazama. Nikaja upande wa pili. Mashine inasema 3.4, kipeuo cha pili ni 1.84, toa moja, zidisha kwa milioni 61, gawanya kwa 14,000. Vimeng'enya karibu 3,700 kwa kifuko.

Nilikuwa nimetia 800. Grafu yangu ilikuwa inadai wameketi 3,700.

Nikarudia hesabu. Nikatafuta sifuri niliyoidondosha. Nikashuku chupa ya kimeng'enya, nikaenda kuipima upya kwa urujuanimno, ikaniambia kilekile ilichoniambia mwanzo. Nikajaribu kuitupia lawama tofauti ya protini na lipidi katika kuupinda mwanga. Tofauti hiyo ipo na inastahili kurekebishwa, lakini hairekebishi kiasi cha kuzaa vimeng'enya 2,900 kutoka hewani. Saa mbili hivi nilikaa hapo nikipigana na karatasi. Aibu ilikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa na hasira tu, kana kwamba karatasi ndiyo iliyonifanyia hila.

Mwanga haukuwa umesema uongo. Ulipanda kweli mara 3.4. Ila mwanga hausomi daftari langu, haujui nilitaka kupima nini. Wenyewe unaona chembe na uzito wake basi. Vifuko vikigandana viwili viwili, idadi ya chembe inapungua nusu na uzito wa kila moja unakuwa maradufu. Mraba wa mbili ni nne, nusu ya nne ni mbili. Mwanga umeongezeka mara mbili na hakuna kimeng'enya hata kimoja kilichoshika popote. Vikigandana vitatu vitatu, unaongezeka mara tatu. Kwa hesabu hiyo ya haraka (vifurushi vikubwa huidai masahihisho kidogo), 3.4 yangu ilikuwa vifurushi vya vifuko vitatu na ushei. Na kilichonitisha zaidi ni mwisho wa pili wa hesabu hiyo. Vifuko 20 tu kati ya 100 vikipata wenzi, mwanga unapanda asilimia 20. Hicho ndicho kiasi kilekile ambacho kushika kwa kweli kungekitoa. Ningekuwa na bahati mbaya ya kupata mgandano mdogo badala ya mkubwa, namba ingeonekana ya kawaida kabisa, na nisingeishtukia mpaka leo.

Jaribio la kuhakikisha lilichukua dakika kumi na tano, na lilinipasa nilifanye siku ya kwanza: kila kitu isipokuwa kimeng'enya. Hapa lazima nieleze nilichokuwa nikifanya. Fosfolipasi A2 ya kongosho haikati bila kalsiamu, nami nikachukulia kwamba haitui bila kalsiamu pia. Basi nilikuwa nakiweka kimeng'enya kwenye kalsiamu ya milimola 50, "kishibe", kisha namimina mikrolita 100 za mchanganyiko huo juu ya mikrolita 900 za vifuko. Kalsiamu inaishia milimola 5. Kila nilipotia kimeng'enya nilitia kalsiamu, katika mkupuo mmoja, na kila mstari ulipopanda nilimpongeza kimeng'enya peke yake.

Na vifuko vyangu vilikuwa na fosfatidilserini tele, lipidi yenye chaji hasi, kwa sababu kimeng'enya hiki hupenda uso wenye chaji hasi. Kalsiamu nayo inaupenda. Ina chaji chanya mbili, inaingia kati ya nyuso mbili za fosfatidilserini, inazifukuza molekuli za maji zilizozitenganisha, na kuzishikamanisha. Kwa kiwango cha kalsiamu nilichotia, vifuko vya fosfatidilserini vinaweza hata kuungana na kuwa kimoja. Hilo lilikuwa limeandikwa kila mahali tangu miaka ya 1970, na mimi nilikuwa nimelisoma kama habari ya watu wengine.

Nikamimina kalsiamu tupu. Mstari ukapanda, taratibu, kwa umbo lilelile la kupendeza, mpaka mara 3.0.

Nakiri kwamba nilijaribiwa. Kutoa 3.0 kwenye 3.4 kunabaki 0.4, na karatasi yangu ilikuwa imesema kwamba kushika kwote kungeongeza 0.4! Kwa muda wa kama dakika tano nilikuwa na ugunduzi mpya. Kisha nikakumbuka kwamba marudio yangu matano yenyewe yalitawanyika kutoka 3.1 hadi 3.6, na kwamba kimeng'enya kikiwa na kalsiamu kinakata, na mabaki ya kukata yanabadilisha jinsi vifuko vinavyogandana. Huwezi kutoa lundo kutoka kwenye lundo ukabaki na sindano.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Daktari, grafu mkononi.

"Daktari, ule mstari si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa kalsiamu."

Akaipokea grafu, akaitazama kwa muda. Nilitegemea aniulize kuhusu jaribio la kulinganishia, kwa nini sikulifanya. Hakuuliza. "Umeutupa?"

"Bado."

"Usiutupe. Ubandike daftarini, chini yake andika 800 na 3,700." Akanirudishia. "Na hiki kimeng'enya cha kongosho, nani alikwambia kinahitaji kalsiamu ili kitue?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe. Kimeng'enya hiki hutua juu ya uso wenye chaji hasi hata pasipo kalsiamu. Kalsiamu inahitajika mahali pa kukatia. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimefunga mlango uliokuwa wazi. Ukiondoa kalsiamu yote unapata mambo mawili kwa mpigo: vifuko havigandani, na kimeng'enya kinakaa juu ya lipidi bila kuikata, kwa hiyo utando unaoupima dakika ya kumi ni uleule wa dakika ya kwanza.

Nikatengeneza bafa yenye EDTA ya milimola 1, inayokamata kalsiamu yoyote iliyobaki kwenye maji, kwenye vyombo, hata kwenye kimeng'enya chenyewe. Vifuko vipya, mara 11 kwenye chujio. Mwanga wa nanomita 350, mbali na pale protini inapoufyonza. Na safari hii kimeng'enya kikali zaidi, mikrolita 10 tu kwenye mikrolita 1,000, ili vifuko visipungukiwe sana kwa kuongezewa maji. Asilimia moja ya kuongezewa maji isingekuwa kitu mbele ya 3.4, mbele ya 1.2 ni kitu, na lazima uirudishe katika hesabu.

Nikatia, nikachanganya, nikafunga kifuniko. Mstari ulikuwa umeshapanda na umeshatulia. Ulikaa hapo, ukitetemeka kidogo, dakika tano, dakika kumi, kumi na tano. Nikatoa mwanga wa bafa tupu, nikatoa ule wa kimeng'enya peke yake, ambao ni mdogo lakini upo. Ilikuwa 1.21.

Kipeuo cha pili, 1.10. Daltoni milioni 6.1 juu ya kila kifuko. Vimeng'enya karibu 440 vimeshika kati ya 800, na 360 vinaelea. Nikajaribu pia kuwaza nafasi: kifuko cha nanomita 100 kina uso wa nje wa nanomita za mraba 31,000 na ushei, na kimeng'enya hiki kikikaa kinafunika kama 12. Kwa hiyo 440 wamechukua sehemu moja ya sita ya kiwanja. Inawezekana. Sikuwa nimezoea namba zinazowezekana.

Sikuridhika na ushahidi mmoja, na hapo nikaenda kwenye mashine ya pili, ile ya leza ya nanomita 633. Hii haiangalii sana wingi wa mwanga bali jinsi unavyochezacheza. Chembe zikisukumwasukumwa na maji, mwanga unaotoka kwao hupanda na kushuka; ndogo huhangaika upesi, kubwa polepole, na kutokana na mwendo huo unapata kipenyo. Sampuli ya kalsiamu ilikuwa imetoka nanomita 112 hadi 190, na kile kipimo cha mchanganyiko wa saizi, ambacho kwa vifuko vizuri huwa chini ya 0.1, kikafika 0.35. Vifurushi, mchana kweupe. Sampuli ya EDTA ilitoka 112 hadi 114.

Wenzangu wawili walitaka niichapishe hiyo tofauti ya nanomita mbili kama unene wa tabaka la vimeng'enya. Nilikataa, na bado ningekataa. Mnato wa maji hubadilika asilimia mbili na ushei kwa kila nyuzi moja ya joto. Kuveti ikiwa na joto pungufu kwa nyuzi moja kuliko mashine inavyoamini, hizo nanomita mbili zinatokea zenyewe pasipo kimeng'enya. Mashine hiyo naitumia kwa swali moja tu, je, vimegandana au la, na kwa swali hilo ni shahidi mzuri sana. Vingapi vimeshika, hilo naliuliza kwenye wingi wa mwanga.

Jambo jingine nililojifunza halimo kwenye hesabu, nimelipata kwa kukaa mbele ya skrini. Kushika kunakwisha kabla hujafunga kifuniko. Mgandano hutambaa. Vifuko lazima vitafutane majini ndipo vishikane, kwa hiyo ukipunguza ukolezi wa kila kitu kwa nusu, mstari wa mgandano unapanda kwa uvivu zaidi, wakati ule wa kushika bado unamaliza papo hapo hata kama kimo chake kimeshuka. Kupunguza hivyo ni kazi ya kuveti moja ya ziada. Siku hizi mwanafunzi akiniletea mstari unaopanda kwa dakika kumi, mzuri, wenye kona laini, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye mhimili wa muda.

Kwenye kikao nilionyesha grafu ya 1.21. Baada ya zile picha za 3.4 nilizokuwa nimezisambaza kwa kila mtu, ilionekana kama kilima kilichoshuka kuwa kichuguu. Mmoja akauliza, bila ubaya, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Baadaye nilipanda hatua kwa hatua, mikromola 0.1 hadi 2, na mstari ukapinda kama ulivyotakiwa kupinda, ukijaa polepole. Juu yake nilichora mstari mwingine wa vitone: mwanga ambao ungepatikana kama kila kimeng'enya kilichotiwa kingeshika. Mwanzoni vinakaribiana, halafu vinaachana, na hakuna nukta hata moja iliyovuka ule wa vitone. Katika kazi yote ile, mstari wa vitone ndio ninaoupenda kuliko mwingine, ingawa haukupimwa na mashine yoyote.

Daftari bado ninalo, na ukurasa wa 800 na 3,700 umeanza kubanduka gundi. Siku hizi juu ya kila ukurasa wa jaribio, kabla sijagusa pipeti, naandika namba moja kwa wino mwekundu: kikomo, ile ambayo mwanga hauruhusiwi kuivuka. Wiki iliyopita kilikuwa 1.27. Mashine ikasema 1.31. Nikazima taa ya mashine, nikamwaga kuveti, nikaenda kuchuja bafa.